Nyumba Isiyorithiwa: Hati, Ramani na Mkopo katika Miji ya Marekani

Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria matanga ya mwenzetu mmoja katika kitongoji cha Minneapolis, jimboni Minnesota. Baada ya sala, na baada ya kuhesabiwa michango ya kusafirisha mwili, mazungumzo yaligeukia Wamarekani Weusi, kama yanavyogeuka mara nyingi katika vikao vyetu vya ughaibuni. Mzee mmoja anayeheshimika, mwenye nyumba mbili alizozilipia kwa jasho lake, alisema: "Hawa ndugu zetu wamezaliwa hapa. Lugha ni yao, pasi ni yao, shule ni zao. Sisi tulikuja na sanduku moja. Mbona miaka yote hii hawana hata pa kulala pao wenyewe?" Wengi waliitikia kwa kichwa. Mimi nilinyamaza kwa heshima ya umri wake na ya msiba, na kunyamaza kule kumenisumbua tangu siku ile.

Swali lake lilikuwa halali. Kasoro ilikuwa katika jibu alilolidokeza. Alichukulia kwamba mtu aliyezaliwa Marekani ameirithi Marekani. Makala haya yanahusu urithi huo, hususan sehemu yake iliyo kubwa kuliko zote kwa familia ya kawaida ya nchi ile, yaani nyumba. Tajiri wa kweli huwa na hisa na makampuni. Mfanyakazi, fundi, mwalimu na karani huwa na nyumba. Kwa thamani ya nyumba hiyo humsomesha mtoto, huanzisha duka, huuguza mzazi, na akifa huacha kitu. Anayetaka kujua kwa nini jamii moja ina akiba na nyingine haina, basi aanze na hati za nyumba.

Ubaguzi wa kimfumo ni istilahi iliyotumika sana siku hizi hata ikaanza kupoteza makali. Kwa maana ninayoikusudia hapa, ni ubaguzi uliokwisha kuingizwa katika karatasi za kazi za kila siku, kama vile hati ya kiwanja, fomu ya mkopo na mwongozo wa mthamini, kiasi kwamba hauhitaji tena chuki ya mtu anayezishika karatasi hizo. Karani anaweza kuwa mcha Mungu na mpole kwa majirani, na bado akatenda dhuluma kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni.

Mwanzoni miji ilijaribu njia ya wazi. Mwaka 1910 mji wa Baltimore ulipitisha sheria ndogo iliyomkataza mtu Mweusi kuhamia katika mtaa wenye Wazungu wengi, na miji mingine, ukiwamo Louisville wa Kentucky, ikaiga. Mwaka 1917, katika kesi ya Buchanan dhidi ya Warley, Mahakama ya Juu iliibatilisha sheria ya Louisville. Tusiharakishe kuisifu: kilichowagusa majaji zaidi ni haki ya mwenye mali kumuuzia amtakaye kuliko utu wa mnunuzi. Kwa hiyo kile ambacho baraza la mji halikuruhusiwa kukifanya, wenye viwanja walikifanya wao wenyewe kwa mkataba. Waliandika katika hati kwamba nyumba hiyo isiuzwe, isipangishwe wala isikaliwe na mtu asiye Mzungu. Sharti hilo halikumfunga mnunuzi wa kwanza peke yake. Liliambatana na ardhi, likapita kutoka mmiliki hadi mmiliki kama mzizi upitavyo chini ya ua. Mwaka 1926 Mahakama ya Juu ilipata nafasi ya kulikataza, ikaiacha ipite.

Minneapolis ilipata hati yake ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1910. Tangu 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, wakisaidiwa na wananchi waliojitolea, wamekuwa wakizisoma hati za zamani za mji huo moja baada ya nyingine, na wamegundua masharti ya namna hii kwa maelfu. Mara nyingi masharti hayo yaliacha upenyo mmoja: mtu Mweusi aliruhusiwa kulala ndani ya nyumba iwapo alikuwa mtumishi wa wenyewe. Aliyeandika upenyo huo hakuchukia kuwa karibu na ngozi nyeusi. Alichokataa ni umiliki wake.

Kisha likaja anguko kubwa la uchumi. Mwaka 1933 serikali ya Rais Roosevelt iliunda Shirika la Mikopo ya Wamiliki wa Nyumba, maarufu kwa kifupi chake, HOLC, ili kuwaokoa watu waliokaribia kunyang'anywa nyumba na mabenki. Kati ya 1935 na 1940 shirika hilo lilichora ramani za miji zaidi ya 200. Mitaa iliyoaminika kuwa salama kwa mkopeshaji ilipakwa kijani, iliyofuata buluu, iliyozeeka manjano, na ile iliyohesabiwa kuwa ya hatari ikapakwa rangi nyekundu. Fomu iliyoambatana na kila mtaa iliuliza umri wa majengo na hali ya paa, ikauliza pia wakazi Weusi ni asilimia ngapi na kama kuna kundi la watu "wanaopenyeza". Popote walipokaa Weusi, karibu siku zote, palikuwa pekundu.

Ramani hizi zilijulikana kwa upana baada ya mwanahistoria Kenneth Jackson kuziandikia katika kitabu chake cha 1985, na tangu hapo zimekuwa picha kuu ya mjadala huu. Wapo wanauchumi wanaotuonya tusizitwike lawama yote, kwa kuwa shirika lile lilikuwa limetoa sehemu kubwa ya mikopo yake kabla ya kuzichora, na baadhi ya mikopo iliwafikia Weusi waliokuwa wakimiliki nyumba. Nakubaliana nao kwa kiasi. Ramani ilikuwa kioo cha fikra za wathamini na mabenki wa zama zile. Mkono uliotenda ulikuwa wa mamlaka nyingine, yaani Mamlaka ya Shirikisho ya Nyumba, FHA, iliyoundwa mwaka 1934.

Lazima tueleze kazi yake, maana hapo ndipo mambo yalipoamuliwa. Kabla ya FHA mkopo wa nyumba ulikuwa wa miaka michache, na mara nyingi mnunuzi alitakiwa atangulize karibu nusu ya bei. FHA haikukopesha. Iliikatia bima benki iliyokopesha, hivyo mkopaji akishindwa kulipa, benki haikupata hasara. Kwa kuwa hofu imeondolewa, mabenki yalikubali malipo ya awali madogo, riba nafuu na muda wa miaka 20, kisha 25 na 30. Ghafla mfanyakazi wa kiwandani aliweza kununua nyumba kwa fedha iliyokaribiana na kodi ya pango. Huo ulikuwa muujiza wa kweli, na serikali ndiyo iliyoutenda. Lakini mwongozo wa wathamini wa FHA ulifundisha kwamba mchanganyiko wa rangi hushusha thamani ya mtaa, na ulipendekeza masharti ya ubaguzi katika hati kama kinga. Mtaa wa Weusi haukupata bima. Bila bima haukupata mkopo, bila mkopo hakuna aliyeweza kununua wala kukarabati, majengo yakachakaa, na kuchakaa kule kukawa ushahidi kwamba mthamini alikuwa sahihi.

Kama kuna mtu anayedhani kwamba nasimulia mambo ya kufikirika, na aende Detroit. Huko kaskazini mwa mji, karibu na barabara ya Eight Mile, mjenzi mmoja alitaka kuweka nyumba za Wazungu mwaka 1941 jirani na makazi ya Weusi. FHA ilisita kuidhinisha mikopo kwa kuwa Weusi walikuwa karibu mno. Mjenzi akajenga ukuta wa zege wenye kimo cha mtu mzima na urefu wa karibu nusu maili, na mradi wake ukaidhinishwa. Ukuta ule ungalipo. Sehemu yake inapita kando ya uwanja wa watoto, na wakazi wameupaka michoro ya rangi. Wanaokaa pande zake zote mbili sasa wengi wao ni Weusi, kwa maana Wazungu walikwisha kuhama, wengine wakiwa na faida mfukoni.

Vita vilipokwisha, serikali iliwaahidi askari waliorudi mikopo yenye dhamana yake chini ya sheria ya 1944. Sheria haikutaja rangi. Iliyaachia tu mabenki ya mahali na maofisa wa mahali uamuzi wa nani anafaa. Katika jimbo la Mississippi, kati ya mikopo 3,229 iliyodhaminiwa kwa ajili ya nyumba, biashara na mashamba mwaka 1947, miwili peke yake ilikwenda kwa askari Weusi. Mwaka huohuo, kule Long Island karibu na New York, kampuni ya Levitt ilianza kujenga Levittown, mji wa nyumba zaidi ya 17,000 uliouzwa kwa familia za askari kwa bei ya takriban dola 8,000 kila nyumba. Mikataba yake ilikataza mkazi asiye Mzungu, isipokuwa, kwa mara nyingine, mtumishi wa nyumbani. Nyumba hizo leo zina thamani iliyopanda mara nyingi, na wajukuu wa wanunuzi wale wanaishi juu ya faida hiyo bila ya kuwa wamemdhulumu mtu yeyote kwa mikono yao. Kwa sababu hiyo mazungumzo ya jambo hili huwa magumu: anayeambiwa amenufaika hutafuta dhambi yake, na asipoiona hukasirika.

Na waliofungiwa nje walifanya nini? Chicago inatoa jibu lililo wazi kuliko yote. Kati ya miongo ya kwanza ya karne ya ishirini na mwaka 1970, takriban Weusi milioni sita waliondoka Kusini kwenda miji ya Kaskazini na Magharibi. Mmoja wao alikuwa Clyde Ross, ambaye habari zake zilijulikana sana kupitia makala ya Ta-Nehisi Coates ya mwaka 2014. Ross alizaliwa Clarksdale, Mississippi, katika familia yenye shamba na mifugo. Alipokuwa mtoto, wakuu wa mahali walidai kwamba baba yake ana deni la kodi la dola 3,000. Shamba likachukuliwa, na familia ikageuka kulima kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi. Ross alikwenda jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili, akahamia Chicago mwaka 1947, akapata kazi kiwandani, akaoa. Mwaka 1961 alinunua nyumba mtaa wa North Lawndale kwa dola 27,500. Aliyemuuzia alikuwa ameinunua miezi sita tu kabla, kwa dola 12,000.

Kwa nini mtu mwenye akili timamu akubali bei kama hiyo? Kwa sababu hakuwa na mlango mwingine. Benki haikumkopesha kwa kuwa FHA haikuukatia mtaa ule bima. Palipokosekana mkopo waliingia walanguzi. Waliwatia Wazungu hofu kwamba Weusi wanakuja, wakanunua nyumba zao kwa bei ya kutupa, kisha wakawauzia Weusi "kwa mkataba". Mkataba huo ulikuwa na ubaya wa pande mbili. Mnunuzi alibeba mizigo yote ya mmiliki: kodi ya jengo, bima, ukarabati wa paa na mabomba. Lakini hatimiliki ilibaki kwa muuzaji hadi senti ya mwisho ilipwe, na fedha iliyolipwa haikumjengea mnunuzi sehemu yoyote ya umiliki. Akikosa mwezi mmoja, angeweza kufukuzwa na kupoteza kila alichokwisha kulipa, na muuzaji akaiuza nyumba ileile kwa familia nyingine wiki iliyofuata. Ross alifanya kazi ya pili posta na ya tatu ya kupeleka piza, ili asikose mwezi huo mmoja.

Hapa naomba msomaji amkumbuke mzee wetu wa matangani. Wazazi wanaofanya kazi tatu hawapo nyumbani jioni. Nyumba yenye deni la namna hii hugawanywa vyumba na kupangishwa, ukarabati huahirishwa, mtaa huonekana umejaa na umechoka. Mpita njia aliyeona mtaa ule mwaka 1965 angesema watu hawa hawajui kutunza nyumba. Hangeiona karatasi.

Martin Luther King alihamia North Lawndale Januari 1966, katika nyumba ya kupanga ya barabara ya Hamlin, ili kuipeleka harakati yake Kaskazini. Agosti ya mwaka huo, akiandamana kupitia Marquette Park, alipigwa jiwe kichwani na umati wa Wazungu. Mwaka 1968 wanunuzi wa mkataba waliunda umoja wao, Ross akiwa miongoni mwao. Zaidi ya familia 500 ziligoma kulipa. Polisi walipotoa samani za familia nje, majirani walizirudisha ndani. Wengi walifanikiwa kupata masharti nafuu. Madai yao makubwa mahakamani hayakufanikiwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke na wenzao wa Chicago, uliotolewa mwaka 2019, ulikadiria kwamba kati ya asilimia 75 na 95 ya nyumba zilizouzwa kwa Weusi mjini humo katika miaka ya 1950 na 1960 ziliuzwa kwa mkataba wa aina hii, na kwamba familia hizo zilipoteza kati ya dola bilioni tatu na nne kwa thamani ya leo. Huo ni mji mmoja tu, na ni miongo miwili tu.

Sheria ilibadilika, hilo halina ubishi. Mwaka 1948, katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer iliyotoka St. Louis, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahakama haziwezi kuyatekeleza masharti ya ubaguzi. Majaji watatu kati ya tisa walijitoa katika kesi hiyo bila ya kueleza sababu, na imedhaniwa kwa muda mrefu kwamba nyumba zao zenyewe zilikuwa na masharti hayo. Aprili 11, 1968, wiki moja baada ya King kuuawa, ilitiwa saini sheria iliyokataza ubaguzi katika uuzaji na upangishaji wa nyumba. Lakini sheria hiyo ilifungua mlango wa soko ambalo bei zake zilikuwa zimekwisha kupanda kwa fedha ya wengine. Aliyezuiwa kununua kwa dola 8,000 aliruhusiwa sasa kununua kwa bei iliyozidi uwezo wake. Pengo kati ya asilimia ya Wazungu na ya Weusi wanaomiliki nyumba ni pana zaidi leo kuliko mwaka 1960, wakati ubaguzi huo ulipokuwa halali. Mwaka 2022, kwa takwimu za benki kuu ya nchi hiyo, kaya ya kati ya Wazungu ilikuwa na mali ya dola 285,000. Ya Weusi dola 44,900.

Athari nyingine haziingii katika hesabu ya fedha. Watafiti waliopima joto la ardhi katika miji 108 walitoa matokeo mwaka 2020: katika miji 94 kati ya kila 100, mitaa iliyopakwa nyekundu miaka ya 1930 ina joto zaidi wakati wa kiangazi, kwa wastani wa nyuzi 2.6 za Selsiasi. Miti haikupandwa huko. Barabara kuu zilipitishwa huko. Wasomaji wa Minnesota wanaotumia barabara ya I-94 kati ya Minneapolis na St. Paul hupita juu ya mtaa wa Rondo, uliokuwa moyo wa jamii ya Weusi wa St. Paul kabla ya mamia ya familia kuondolewa ili barabara ijengwe. Mimi mwenyewe niliipita kwa miaka kadhaa nikienda maktaba, bila ya kujua.

Tulipaswa kujua, kwani sisi si wageni wa mambo haya. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 1915 ilimpa gavana uwezo wa kuzuia ardhi isihamishwe kutoka mtu wa rangi moja kwenda kwa wa rangi nyingine, na aliyekulia Nairobi hahitaji ramani kujua ni mitaa gani iliwekwa kwa ajili ya nani. Isitoshe, tuna deni. Tom Mboya alipokuwa akitafuta fedha za kuwapeleka vijana wa Kenya kusoma Marekani, na ndege ya kwanza ikaondoka na wanafunzi 81 mwaka 1959, miongoni mwa waliotia saini barua ya kuomba michango walikuwa Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Sheria ya uhamiaji ya 1965, iliyofuta mgawanyo wa nafasi kwa mataifa uliowapendelea watu wa Ulaya, ilipita katika wimbi lilelile la haki za kiraia. Na wengi waliokuja baadaye kwa bahati nasibu ya viza walichujwa kabla ya kupanda ndege: masharti yake humtaka mwombaji awe amemaliza sekondari au awe na ujuzi wa kazi. Ndani ya sanduku moja la mzee wetu mlikuwa na vyeti. Kulinganisha kundi lililochujwa na taifa zima lisilochujwa ni kosa ambalo hatungemruhusu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alifanye.

Mwaka uliofuata nilimtembelea mzee yule nyumbani kwake, katika nyumba ya miaka ya 1940 yenye bustani nzuri ya sukuma wiki. Nilimweleza habari za hati, naye, kwa kuwa ni mtu wa hesabu, akataka kuona. Tuliitafuta pamoja kumbukumbu ya kiwanja chake, tukalikuta sharti, aya moja fupi kati ya aya za uzio na maji machafu. Alilisoma mara mbili kwa miwani, akaniuliza: "Kwa hiyo mwalimu, mwaka huo nisingeweza kulala humu?" Nikamwambia angeweza, kama angekuwa mpishi wa wenyewe. Tangu 2019 jimbo la Minnesota linamruhusu mwenye nyumba kujaza fomu na kulikana rasmi sharti la aina hiyo. Alinitaka nimchapishie fomu hiyo pamoja na ile aya, akaziweka zote mbili katika bahasha moja na hatimiliki yake, akasema ataijaza siku mwanawe wa kwanza atakapokuja, ili naye aisome kwanza.